Mwanangu alivyoacha sindano za insulini

Naandika kwa sababu niliambiwa mengi ya ovyo, na najua kuna mzazi anayeambiwa hayo hayo leo.

Binti yangu alikuwa na wiki 9. Nepi zinalowa kila saa, ananyonya hashibi, kisha akaanza kuhema kama aliyekimbia. Zahanati ya kwanza walimtibu nimonia siku tatu. Shangazi ndiye aliyeona sisimizi wamejaa kwenye nepi alizokuwa akienda kufua, akasema, "Mwanangu, huyu apimwe sukari." Alipopimwa, glukomita haikutoa hata namba. Sukari ilikuwa juu kupita uwezo wa mashine.

Tukaambiwa ni kisukari aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini, tuzoee. Majirani wakasema nilikula maembe mno nikiwa na mimba. Maneno hayo yaliniliza kwa miezi.

Insulini kwa mtoto mchanga ni mtihani. Dozi yake ilikuwa uniti moja, mara nyingine nusu, na bomba nililopata dukani lilikuwa na mistari ya uniti mbili mbili. Nikawa nakadiria kwa macho, chini ya taa, mkono unatetemeka. Usiku mmoja nilizidisha. Nilimgusa nikamkuta wa baridi, ametota jasho, hataki titi. Sukari 1.9, imeshuka mno! Nikampaka glukosi kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, hadi alipolia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Alipofika mwaka mmoja tukakutana na daktari kijana aliyeuliza swali moja tu: "Mama, aligunduliwa akiwa na umri gani?" Nilipomjibu akaweka kalamu chini. Akasema kisukari kinachoanza kabla ya miezi 6 karibu kila mara hutokana na jeni, si aina ya kwanza. Damu ya mtoto, yangu na ya baba yake ikatumwa maabara ya Exeter, Uingereza, ambako watoto wa aina hii walikuwa wakipimwa bila malipo. Sisi tuligharamia kusafirisha tu.

Jibu: badiliko kwenye jeni ya KCNJ11. Mimi na baba yake hatuna. Lilianzia kwake mwenyewe. Maembe hayahusiki!

Daktari alinichorea. Kwenye seli za kongosho zinazotengeneza insulini kuna vilango vya potasiamu. Ukila, sukari inageuzwa nguvu ndani ya seli, nguvu hiyo inafunga vilango, kalsiamu inaingia, insulini inatoka. Vya mwanangu havifungiki. Insulini anayo, imekaa ndani haina pa kutokea. Na dawa inayoweza kuvifunga ni glibenklamaidi, vidonge vya kisukari vile vile alivyokuwa akimeza babu yake kila asubuhi! Jeni hii ilihusishwa na kisukari cha watoto wachanga mwaka 2004, na utafiti wa 2006 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 49 waliojaribiwa vidonge, 44 waliacha insulini.

Tulilazwa. Kidonge kinapandishwa, sindano inapunguzwa, sukari inapimwa mchana na usiku. Tafadhali usijaribu haya nyumbani, na usimpe kidonge mtoto ambaye hajapimwa jeni. Mwenye aina ya kwanza hakitamsaidia, na akikosa insulini atakufa.

Nyumbani nikakosea tena: nilisagia dawa kwenye uji. Akaacha nusu bakuli, na nusu ya dozi ikabaki humo. Jioni sukari 18, juu mno. Nikabadili. Kidonge nakisaga hadi kiwe vumbi kabisa, natia maji kidogo, navuta kwa bomba lisilo na sindano. Unga wake hautaki kuyeyuka, unazama, kwa hiyo natikisa hadi sekunde ya mwisho ndipo nasukumia upande wa shavu, si katikati ya ulimi, maana hapo atatema. Kisha navuta maji mengine kidogo kusuuza bomba, nayo anayameza, kisha ananyonya.

Vidonge vya mwezi mzima havifikii bei ya stripu za kupimia sukari za wiki moja. Stripu bado nanunua, na chakula hakiji kabla ya dawa.

Sasa ana miaka 6, anameza mwenyewe. Babu yake alikuwa akimsubiri mezani, wameze pamoja.