Siku Moja na Maiki Tatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kabla sijanawa uso nimeshaangalia betri. Huu ni ugonjwa nilioupata kihalali. Kuna mwaka nilirekodi mahojiano ya dakika arobaini, picha ikatoka safi kabisa, nikarudi nyumbani nikakuta kimya. Hakuna mkwaruzo wala mvumo, kimya tu. Maiki ilikuwa imechomekwa sawasawa kwenye kamera, ila swichi yake yenyewe ilikuwa imezimwa, nami sikuvaa hedifoni. Kamera nyingi, ukishaingiza pini tu, huziba maiki yao ya ndani papo hapo. Haziulizi kama hiyo uliyochomeka iko hai au imekufa. Laiti ningesahau kabisa kuchomeka kitu, ningeondoka angalau na sauti mbaya, na sauti mbaya huwa ina namna ya kuokolewa.

Basi mezani ziko tatu. Ya kwanza ndefu, ya kuelekeza. Ya pili ndogo ya kubana kifuani, ina waya wake. Ya tatu haina waya: kipande kimoja anavaa msemaji, kingine kinakaa juu ya kamera. Kila moja naichomeka, navaa hedifoni, nahesabu moja hadi kumi, kisha naikuna kwa ukucha. Ukiikuna maiki usisikie kitu, halafu ukagusa mwili wa kamera ukasikia ngurumo, ujue bado unasikiliza ile ya ndani.

Saa moja na nusu

Njiani, kijana ninayefanya naye kazi ana maswali. Wiki hii ni ya tatu tangu aanze.

"Kaka, kamera hii si wanasema ni kali? Kwa nini tubebe mzigo wote huu?"

Ni kali kwa picha. Lenzi inavuta, maiki haivuti. Unaweza kusimama mbali ukamleta mtu karibu hadi ukahesabu kope zake, lakini sauti yake inabaki kulekule alipo. Umbali ukizidi mara mbili, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6, yaani vipimo 6 vya ukubwa wa sauti. Toka sentimita 20 kifuani pake hadi mita 1.6 ilipo kamera, umbali umejirudufu mara tatu mfululizo, umeshapoteza 18. Ndani ya chumba mwangwi unakurudishia kidogo, ila huo mwangwi ndio usioutaka. Na kelele za feni na barabara hazishuki nawe, zinakusubiri palepale. Juu ya hayo, maiki ya ndani imefungwa kwenye mashine inayotetemeka: inasikia mota ya lenzi ikitafuta fokasi, inasikia vidole vyangu, inasikia mkanda ukigonga.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue maiki gani, mimi humuuliza kwanza ataiweka wapi. Maiki ya kawaida iliyo shubiri moja kutoka mdomoni huishinda maiki ya kifahari iliyo juu ya kamera upande wa pili wa chumba. Wengi hawalipendi jibu hili, wanataka jina la mashine.

Kijana akauliza tena kwa nini ile maiki kubwa ya studio aliyoazima haikutoa sauti alipoiunganisha na kamera kwa waya wa kubadilishia. Hilo nililipenda. Maiki ile inadai umeme wa volti 48 kupitia plagi ya XLR yenye pini tatu. Tundu dogo la milimita 3.5 la kamera hutoa volti chache tu. Maiki ndogo zinaridhika na hizo chache kwa sababu ndani yake kuna utando unaoshika chaji ya umeme daima, hivyo umeme unahitajika tu kwa kikuza sauti kidogo kilichomo. Ni kazi ya James West na Gerhard Sessler, walioitengeneza katika maabara za Bell kule Marekani mwaka 1962. Hiyo ndogo ya kubana kifuani, pamoja na ile iliyomo kwenye simu nyingi za zamani, ni watoto wao.

Saa tatu asubuhi

Kazi ya kwanza ni mahojiano na mwalimu mstaafu, nyumbani kwake. Nikamwamkia, naye akaniitikia, "Marahaba mwanangu, karibuni." Chumba kizuri kwa macho: vigae vinang'aa, dirisha kubwa la vioo, kuta tupu. Nikapiga kofi moja katikati. Kofi likarudi limevaa mkia.

Hapo maiki ndefu ikabaki mkobani. Watu huiona ndefu wakadhani ni darubini ya sauti. Kinachofanyika ni kwamba bomba lake lina matundu ubavuni. Sauti za pembeni zinaingia kupitia matundu hayo kwa kupishana, zinakutana ndani na kuuana, na ile ya mbele inapita salama. Nje inafanya kazi vizuri. Ndani ya chumba kitupu, sauti ileile ya Mwalimu ingegonga ukuta, ikaingia ubavuni ikiwa imechelewa kidogo, na bomba likashindwa kumjua ndugu na jirani. Msemaji anatoka kama yumo ndani ya ndoo. Tena mivumo mizito hailiogopi bomba hilo, inapita tu.

Tukavuta mapazia, tukatandaza blanketi nzito sakafuni mbele yake, nje ya fremu. Jokofu likazimwa. Funguo za gari langu zikaingia ndani ya jokofu, maana nikisahau kuliwasha, sitaweza kuondoka.

Maiki ya kubana naiweka katikati ya kifua, shubiri moja chini ya kidevu. Ikisogea juu sana, kidevu kinaifunika kila anapoinama. Ikishuka chini sana, unasikia zaidi kifua kuliko maneno. Waya unapita ndani ya blauzi, na karibu na kibanio naukunja kitanzi kidogo ili ukivutwa, mvuto uishie kwenye kitanzi usifike kwenye maiki. Kazi hiyo aliifanya binti yake, mimi nikielekeza kwa mdomo.

"Na huu mkufu, Mwalimu, naomba tuuvue kidogo."

"Mkufu nao unaongea?"

"Unaongea kuliko sisi."

Akacheka, akauvua, akaushika mkononi.

Kisha kwenye menyu ya kamera nikazima upangaji wa sauti wa otomatiki. Huo ni wa kuogopwa. Mtu akinyamaza kutafuta neno, kamera inadhani sauti imepungua, inaifungulia, na mvumo wa chumba unapanda pole pole kama maji. Akianza tena kusema, neno la kwanza linapasuka. Kwa mkono ni kazi ya sekunde chache. Nikamwomba aseme kama anavyokemea darasa lililochelewa kunyamaza. Kwenye kipimo cha kamera, ambacho kikomo chake ni 0, vilele vya sauti yake vikagusa desibeli −12. Hapo nimeacha nafasi ya kicheko na hasira. Ukigusa 0 sauti inakatika kichwa, na kwenye rekodi kama hii ya kawaida kichwa kilichokatwa hakirudi.

Tulienda dakika hamsini, na mapumziko mafupi katikati. Mwishoni nikawaomba wote wakae kimya nusu dakika nikirekodi chumba kitupu. Kila mara watu huniona mwendawazimu kwa hilo. Lakini kila chumba kina ukimya wake, na ninapokata sentensi wakati wa kuhariri nahitaji ukimya uleule wa kuziba pengo, la sivyo sikio linaona shimo.

Jokofu likawashwa. Funguo zilikuwa baridi.

Saa saba mchana

Simu kutoka kwa dada mmoja anayefundisha ushonaji kwa video. Maiki yake mpya haisikiki kwenye kamera ila kwenye simu iko sawa. Nikamwambia atazame pini: ina vipete vyeusi viwili au vitatu? Vitatu. Hiyo ni ya simu. Kamera inataka viwili. Anahitaji kiunganishi tu, maiki yenyewe haina kasoro. Akashukuru, akakata. Laiti kazi zote zingekuwa hivyo.

Saa tisa alasiri

Karakana ya seremala, sehemu kubwa uwanjani, na upepo umeamka. Upepo haufanyi kelele masikioni mwako kama unavyofanya kwenye maiki. Unausukuma utando wenyewe, ikasikika kama mtu anayebamiza milango. Sponji nyeusi inayouzwa pamoja na maiki inasaidia pumzi ya mdomo na kaupepo ka ndani, basi. Nje nataka lile koti la manyoya marefu, ambalo fundi alilitazama akauliza kama tunamfuga. Nikawasha na kichujio cha kukata mivumo mizito iliyo chini ya hezi 80. Sauti ya fundi haiishi huko, mngurumo wa malori ndio unaoishi huko.

Maiki ndefu tukaifunga kwenye fimbo, kijana akaishika juu ya kichwa cha fundi, nje kidogo ya fremu, ikitazama chini kuelekea kifuani. Kutoka juu ni bora kwa sababu nyuma ya msemaji, kwa macho ya maiki, kuna ardhi tu. Ukiielekeza mbele usawa wa uso, unarekodi pia pikipiki zote zilizo nyuma yake. Baada ya dakika sita mikono ya kijana ilianza kutetemeka, na kila tetemeko likasikika kwenye fimbo. Nikamfundisha kunyoosha viwiko juu kabisa, mifupa ibebe badala ya misuli. Alinitazama kwa jicho ambalo mimi pia niliwahi kumtazama nalo mtu.

Kisha fundi akataka kutembea akionyesha mbao. Hapo ndipo tukaitoa maiki isiyo na waya. Dakika mbili safi, halafu akageuka kuelekea kamera na sauti ikaanza kukatika vipande vipande. Kisambazi, kile kipande anachovaa msemaji, kilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Seti hizi nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, na mwili wa binadamu, kwa maji yake yote, ni ukuta kwa mawimbi hayo. Nikakihamishia mfuko wa mbele wa shati, na simu yake tukaiweka mbali. Ikatulia. Tena seti yangu hujirekodia yenyewe ndani ya kisambazi, kwa hiyo hata vile vipande vilivyokatika viko mahali. Nikinunua seti nyingine, jambo hilo ndilo nitakalouliza kwanza, kabla ya umbali wanaoutangaza kwenye boksi. Umbali huo ni wa uwanja mtupu, na mimi sijawahi kufanya kazi kwenye uwanja mtupu.

Saa mbili usiku

Mezani, nahariri. Sauti za karakana nazioanisha na picha kwa lile kofi tulilopiga mwanzo wa kila kipande: mahali viganja vinapokutana kwenye picha, ndipo mwiba ulipo kwenye sauti. Kipande kimoja cha mbali, kamera ikiwa kama mita 14 kutoka kwa fundi, kilinionyesha kitu ninachokipenda. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na picha zangu ni 25 kwa sekunde, hivyo sauti ya maiki ya kamera ilichelewa fremu moja kamili nyuma ya ile ya kifuani. Nyundo inagusa, kisha inalia. Kijana aliirudia mara nne.

Halafu nikafungua ya Mwalimu. Nusu ya kwanza tamu. Baada ya mapumziko, dakika ya thelathini na moja, kukaanza *kri, kri*, kila anapopumua. Nikakumbuka: wakati wa mapumziko nilivua hedifoni, na niliporudi niliziacha shingoni kwa dakika chache huku nikirekebisha taa. Zile zile dakika. Mwalimu alikuwa ameurudisha mkufu shingoni, na nilipozivaa, alikuwa ameshauvua tena na kuushika.

Sehemu kubwa inakatika, isipokuwa sentensi moja, ile ya mwanafunzi wake wa kwanza, ambayo ndiyo roho ya mahojiano. Nilijaribu kuisafisha kwa programu. Mkufu ukaondoka na nusu ya herufi zake. Nikampigia nikiomba radhi kwa usumbufu wa usiku, nikamweleza kwamba kesho nahitaji kuja na maiki tu, dakika tano, aniambie sentensi ile tena.

Akanyamaza kidogo.

"Niliuvaa dakika mbili tu, mwanangu. Sasa nje au ndani?"

"Ndani, Mwalimu. Palepale. Na jokofu tutalizima tena."