Safu ya maoni

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi vijijini hapa Tanzania anajua kwamba hakuna linaloanza kabla hajasaini kitabu cha wageni. Unafika ofisi ya kijiji, unasalimiana na mtendaji, unajitambulisha, na hapo hapo unasogezewa kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, cheo, utokako, madhumuni, maoni, saini.

Mwaka jana, katika kijiji kimoja wilayani Kondoa, nilimsubiri mtendaji aliyekuwa amekwenda kusuluhisha mgogoro wa shamba, nami kwa kukosa la kufanya nikakisoma kitabu hicho tangu ukurasa wa kwanza. Safu ya madhumuni ilikuwa na neno moja tu, "kikazi", likifuatwa na vijialama vya "kama hapo juu" hadi chini. Safu ya maoni ndiyo iliyonichekesha, kwa sababu hata kama tarehe zote zingefutika, ungeweza kuikisia miaka kwa kaulimbiu: kurasa za mwanzo zilijaa "Hapa Kazi Tu", iliyovuma tangu kampeni za mwaka 2015, na kuanzia 2021 wageni wale wale, kwa miandiko ile ile, wakahamia "Kazi Iendelee". Siwalaumu (mwandiko wangu mwenyewe niliukuta mara mbili, na mara zote mbili niliandika "Nimepokelewa vizuri"), kwani kisanduku chenye upana wa vidole viwili hakimwachii mtu nafasi ya kusema mengi, hasa mwenyeji akiwa amesimama pembeni anaitazama kalamu.

Fundi mmoja wa maji, hata hivyo, aliipata nafasi hiyo. Kwa herufi ndogo zilizovuka mstari na kuimeza safu ya saini, aliandika: "Nimefungua pampu ya kisima cha shule, mpira umekatika, nitarudi na kipuri Jumatatu." Nikafunua kurasa zilizofuata nikimtafuta. Jumatatu ile hakuwamo, nilimkuta wiki moja baadaye: "Kimefungwa. Maji yanatoka."

Mtendaji aliporudi, nikaandika idadi ya kaya nilizopangiwa kuzitembelea, na kwamba nakala ya matokeo ingeletwa ofisini hapo kabla ya mwezi kwisha. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, kisha akanirudishia kalamu.

"Na namba ya simu, ndugu mgeni, mbona hujaiweka?"