Siku yangu maabara Moshi: kuitafuta testosteroni iliyo huru

Saa 12:20 asubuhi. Niko kwenye daladala kutoka Rau na mlima uko wazi wote, kileleni mpaka chini. Kabla ya saa 3 mawingu yatakuwa yameshaufunika.

Saa 1:10. Kontroli, yaani sampuli za kuhakiki mashine, zimekaa vizuri. Tunafungua dirisha.

Saa 1:30. Mzee mmoja anasubiri wenzake wote waishe, ndipo ananisogezea fomu aliyoikunja mara nne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Daktari anataka nipime tena kile... cha kiume."

Kwingine aliambiwa kiwango chake kiko sawa, lakini uchovu haumwachi na hamu imekwisha. Namuingiza ndani, nafunga mlango. Huwa naumia nikiona mwanaume mtu mzima anavyoona haya kwa kipimo cha damu. Namuuliza kama amekula. Hajala. Vizuri, maana testosteroni, homoni hii ya kiume, huwa juu asubuhi na chakula huishusha, kwa hiyo damu yake tunaichukua kati ya saa 1 na saa 4.

Saa 4:30. Majibu yametoka. Testosteroni ya jumla ni nanogramu 3.46 kwa mililita, SHBG (protini inayoibeba damuni) ni nanomoli 70 kwa lita, albumini (protini nyingine ya damu) gramu 43 kwa lita.

Ukiishia kwenye ile jumla, ambayo iko sawa, utamrudisha mzee nyumbani. Lakini testosteroni karibu yote iliyomo kwenye damu imeshikwa. Nyingine imeshikwa na SHBG, protini itokayo kwenye ini, nayo ikishika haiachii kirahisi. Nyingine imeegemea albumini kwa ulegevu. Iliyo huru kabisa ni kama asilimia 2 tu. Njia ya kuaminika ya kuipima yenyewe ni dayalisisi ya maabara, yaani kuichuja iliyo huru kupitia utando mwembamba, kazi ya saa nyingi na vifaa ambavyo hatuna. Vipo vitendanishi vya bei nafuu vinavyodai kuipima moja kwa moja; mimi sivikubali, kwa sababu majibu yake huyumba kufuata SHBG. Tunatumia fomula ya Vermeulen na wenzake wa Ubelgiji, ya mwaka 1999, inayoikokotoa kutoka kwenye vipimo hivyo vitatu.

Saa 5:00. Kijana wa mafunzo ananiita: "Dada, imetoka 38."

Testosteroni huru pikomoli 38 kwa lita! Nikasogea kuangalia. Ameingiza 3.46 kama ilivyo, wakati fomula inataka nanomoli kwa lita. Zidisha kwa 3.467, unapata 12. Tukarudia: 142. Bado iko chini, maana madaktari wengi huanza kutilia shaka chini ya 225, ila kati ya 38 na 142 kuna wagonjwa wawili tofauti. Nikamwambia abadilishe SHBG iwe 30, mengine yabaki. Ikatoka 253. Jumla ni ileile 12! Alikaa kimya anaitazama ile namba, nami nikamwacha aitazame.

Saa 7:00 mchana. Mtori. Umeme umekatika, jenereta imeitikia.

Saa 8:15. Daktari wake anapiga simu. Namweleza kwamba 142 ni makadirio, na kwamba albumini tumeipima. Wengi hujaza 43 tu bila kupima. Kwa mtu mwenye ini lililosinyaa au figo zinazovujisha protini, hilo ni kosa: mwenye jumla 12 na SHBG 30, albumini ikiwa kweli 25, hesabu inapanda kutoka 253 hadi 327. Anauliza SHBG ya mzee imepandishwa na nini. Umri huipandisha, ini bovu pia, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hata baadhi ya dawa za kifafa. Ataagiza vipimo vya ini na vya tezi, pamoja na testosteroni ya asubuhi nyingine, kwa kuwa sampuli moja haitoshi kumwambia mtu ana upungufu.

Saa 10:20. Nimempigia mzee mwenyewe. Nimeandika kwenye daftari la mapokezi: kesho, saa 1:30, asile, apitishwe mlango wa pembeni.