Treni iliyopitika kichwani

Jumapili, Utrecht

Leo nimeikagua vizuri ile treni ya njano yenye paji refu la uso. Waholanzi wanaiita Koploper, na mimi naona jina ni tamu kuliko treni yenyewe.

Kop ni kichwa. Loper ni mtembeaji, kutokana na lopen, kutembea (kwa Mbelgiji wa Flanders lopen ni kukimbia, kwa hiyo mkipatana kukutana mahali, ulizaneni kwanza). Yakiungana, ni neno la kawaida la michezo: anayeongoza mbio, au timu iliyo kileleni mwa ligi. Kwa treni hizi, za majaribio mwaka 1977 na za huduma kuanzia 1983, likapata maana ya pili ya utani: treni ambayo abiria hutembea kupita kichwani.

Na kweli walipita. Dereva aliwekwa juu kama yuko darini, na chini yake, usoni kabisa mwa treni, palikuwa na mlango. Treni mbili zikiunganishwa uso kwa uso, milango inafunguliwa, unavuka huku dereva yuko juu ya utosi wako. Hili lilikuwa na faida kubwa, maana treni ndefu ziligawanywa njiani: pale Zwolle nusu ilielekea Groningen, nusu Leeuwarden. Uliyepanda nusu isiyo yako ulihama taratibu bila kushuka na mizigo.

Loper ni pia ufunguo malaya, ule unaofungua vitasa vyote. Sidhani kama waliobuni jina waliufikiria, lakini unakaa vizuri sana.

Majina mengine ya treni zao ni ya sura tu. Ya miaka ya 1950 ni Hondekop, kichwa cha mbwa. Nyingine ni Apekop, kichwa cha nyani. Ni mtindo uleule wa Dar, treni ya umeme ikaitwa Mchongoko kwa ajili ya pua yake. Koploper peke yake ndiyo iliyoitwa kwa kazi ya kichwa chake, na kazi hiyo haipo tena: milango iliacha kutumika mwaka 2005, kisha kwenye ukarabati ikazibwa kabisa.

Kijana niliyekaa naye alidhani jina limetokana na mwendo. Treni ina uwezo wa kilomita 160 kwa saa, ila njia nyingi za huku mwisho ni 140.