Kubuni Jarida la Roki kwa Msomaji wa Mtwara

Nabuni jarida la muziki wa roki hapa Mtwara, na kazi iliyonishughulisha kuliko zote ni kumtambua msomaji wake kabla ya kupanga ukurasa wowote. Niliyachunguza majarida ya Uingereza: Kerrang!, lililoanza mwaka 1981 kama toleo la nyongeza la gazeti la Sounds, liliwalenga wapenzi wa roki nzito, ilhali Q, lililoanzishwa mwaka 1986, liliwaelekea watu wazima waliokuwa na uwezo wa kununua CD. Tofauti hiyo huonekana tangu kwenye jalada, kwa kuwa hata herufi za jina la Kerrang! zimechorwa kana kwamba zimepasuka kwa kishindo cha gitaa, jambo ambalo kwangu ni ubunifu wa hali ya juu.

Msomaji wangu ni kijana wa miaka 18 hadi 25, mwanafunzi wa chuo au fundi wa Shangani au Mikindani, anayesikiliza roki kwenye simu yake lakini hapati maandishi ya Kiswahili yanayouchambua muziki huo kwa uzito unaostahili. Kwa ajili yake nimechagua rangi tatu tu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, pamoja na herufi zinazosomeka bila taabu katika makala ndefu. Toleo la kwanza ningependa litoke msimu wa mauzo ya korosho, kuanzia Oktoba, fedha zinapozunguka mkoani. Sasa napanga kurasa za mafunzo ya gitaa, ambazo nimeamua zikae katikati ya jarida ili zichomolewe kwa urahisi.