Safari ya Tanga kufuata kalibu ya sabuni

Kikundi chetu hapa Bagamoyo kinatengeneza sabuni ya mwani. Siku zote tumeimimina kwenye boksi la mbao na kuikata kwa kisu, hadi hoteli moja ilipotaka vipande vya saizi moja vyenye nembo yake. Ndipo nikafunga safari ya Tanga kufuata kalibu, yaani chombo cha kumiminia sabuni ili ipate umbo, kwenye karakana inayobuni na kutengeneza vifaa kwa ajili ya biashara za wengine.

Nilishuka Msata, nikapata basi linalopandisha kaskazini. Mto Wami, Mkata, Segera, zote zilipita nikisinzia. Kuanzia Hale mkonge ukatanda pande zote mbili. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ndio uliowalea mafundi wa Tanga: korona, mashine inayokwangua majani hadi zibaki singa, ikiharibika shambani, haisubiri kipuri cha ng'ambo. Muheza tukazungukwa na wauza machungwa, kisha tukaingia mjini.

Karakana iko Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Fundi mkuu ni mzee aliyejifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sabuni yenu inalala ndani ya kalibu muda gani? Nani anaibandua? Mnatumia kostiki soda?"

Aliuliza yote hayo kabla ya kushika penseli, na hapo hapo nikamwamini. Nilipotaja alumini, kwa kuwa ni nyepesi na bei yake nafuu, alitikisa kichwa. Kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, huila alumini: inachemka, inatoa gesi, sabuni inaharibika na kalibu inatoboka. Akashauri stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Ni ghali, lakini haishindwi na kostiki.

Kisha akachora. Kuta zinatanuka kidogo kuelekea juu ili kipande kitoke bila kuvunjika pembe. Shimo ni kubwa kuliko kipande tunachouza, maana sabuni hupungua maji yakikauka. Herufi za nembo alizichora kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, moja baada ya nyingine, huku akipuliza vumbi la penseli. Nilimtazama mkono ule nikasahau kabisa njaa ya safari.

Tukaandikiana: kalibu ni mali ya kikundi, nembo ni ya hoteli, na karakana haitamtengenezea mwingine mfano wake. Wajasiriamali wengi hulipia kalibu bila kuuliza itabaki mikononi mwa nani, na inaniuma, kwa sababu mwenye kalibu ndiye anayeamua oda inayofuata itatengenezwa wapi. Mzee alisaini bila kusita.

Nililipa malipo ya awali, nikakabidhiwa sampuli ya mbao yenye shimo moja. Tutamimina humo sabuni, tuiache ikauke wiki nne, tuipime. Vipimo vikikubali, nitampigia mzee akate chuma.