Nazi moja kwa siku

Msimu wa upepo wa kusi wa 2022 ulitukuta hatuna akiba. Tunakaa Langoni, hapa Lamu, watu sita nyumba moja: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mume wangu ni mvuvi asiyekuwa na chombo chake. Anachukuliwa na wenye mashua, wakipata wanagawana. Kaskazi ikivuma bahari inatulia na sisi tunakula vizuri. Kusi likiingia bahari inachafuka, na mwenye mashua ndogo hathubutu kutoka nje ya miamba. Mwaka ule, Idi ya mwezi wa tano ilipopita tu, mwenye chombo alikipandisha pwani kukikalafati, kuziba nyufa zake, na hakikurudi majini mpaka mwezi wa tisa.

Mume wangu akageukia vibarua vya gatini, pale bandarini, kupakua saruji na mawe yanayovuka kutoka Mokowe. Siku nzuri alirudi na mia nne, mia tano. Siku nyingine alirudi na jasho tu. Tulikaa sisi wawili usiku mmoja, tukahesabu kodi, karo na dawa ya presha ya mama, tukaona chakula kisipite shilingi 300 kwa siku. Mia tatu, watu sita.

Na mwaka wenyewe ndio ule unga wa mahindi ulipopanda, pakiti ya kilo mbili ikapita shilingi 200. Sima, ambayo ndiyo kimbilio la kila aliyeishiwa, ikawa si kimbilio tena. Mwezi wa saba serikali ilitangaza pakiti iuzwe shilingi 100, lakini mtaani kwetu ikifika asubuhi, adhuhuri imekwisha. Niliipata mara mbili tu.

Wiki ya kwanza nilishindwa kabisa. Nilikuwa nanunua kidogo kidogo, mafuta ya kipimo asubuhi, mafuta ya kipimo jioni, unga nusu kilo, nyanya mbili. Kila mlo nilikoka moto wake: chai asubuhi, chakula mchana, kitu cha usiku. Kufika Alhamisi nilikwishakopa dukani, na deni la chakula ni baya kuliko deni lolote, kwa sababu unalipa kitu ambacho kimekwisha tumboni. Nilichukua daftari la mtoto nikaandika kila senti iliyotoka. Mama mkwe hajui sana kusoma, lakini hesabu anaijua. Aliniuliza makaa yamekula ngapi. Nikamwambia, mia na ishirini kwa siku. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe hununui chakula. Wanunua moto."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniokoa. Tangu siku ile nilianza kupanga chakula kwa kuangalia seredani, jiko la makaa, kwanza, kisha ndio sokoni.

Moto nikaukoka mara moja, saa nne asubuhi, kwa kopo moja la makaa la shilingi 60. Moto ukiwa mkali napika chungu kikubwa cha mchana. Ukianza kulegea nachemsha muhogo. Ukibaki kaa la mwisho naweka birika la chai, naitia kwenye chupa ya chai kwa ajili ya jioni na asubuhi yake. Chupa yenyewe ni ya zamani, kifuniko chake kimepasuka, lakini chai inalala na moto wake mpaka alfajiri.

Kisha nikajifunza kufunga chungu. Kuna kikapu kikubwa cha ukindu nilichoolewa nacho. Ndani yake natandika blanketi kuukuu, chungu kikiwa kinatokota nakiepua, nakikalisha pale katikati, nakizungushia kanga mbili nzito na mto juu. Pojo, zile kunde ndogo za kijani, zikishachemka robo saa zinamalizikia humo humo bila kaa hata moja. Mara ya kwanza ziliniharibikia. Nilitia sufuria yenye chakula kidogo, nusu yake hewa, na baada ya saa tatu nikakuta maji ya vuguvugu na punje ngumu kama changarawe. Chungu lazima kijae na kifuniko kikae sawasawa. Na usikifunue kuchungulia. Ukichungulia, moto wote umeutoa nje.

Sasa nazi. Nilijiwekea sharti: kila siku nazi moja, si zaidi, na siku isiwe bila nazi. Majirani wengine walikuwa wameiacha ili wabane matumizi, wanachemsha kunde kwa chumvi na maji. Mimi sikuona faida. Chakula kikavu watoto wanakigusa kisha wanaomba mkate saa kumi. Chakula chenye tui kinakaa tumboni. Wakati ule nazi ilikuwa shilingi 30, na sijui kitu kingine cha shilingi 30 kinachoweza kushibisha watu sita.

Naichagua kwa kuitikisa sikioni. Lazima icheze maji na iwe nzito mkononi. Iliyo kimya huwa imeharibika mara nyingi. Naangalia na macho yake matatu, yasiwe na ukungu. Nikiivunja nakinga yale maji kikombeni, anakunywa mdogo. Kisha nakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nakuna polepole na kugeuza, na nikiona rangi ya kahawia tu nasimama, maana ile ngozi inalitia tui weusi. Kabla ya kukamua naweka pembeni konzi moja ya nazi iliyokunwa. Nitaieleza kazi yake.

Maji yawe ya uvuguvugu. Kikombe kimoja cha kwanza, nafikicha kwa mkono mpaka vidole vinateleza, natia kwenye kifumbu cha kuchujia nakamua. Hilo ndilo kasimile, tui zito, nalifunika mbali. Kikombe cha pili na cha tatu, tui la kati. Kisha vikombe viwili vya mwisho, maji meupe tu, lakini yana ladha, na hayo ndiyo ninayochemshia pojo. Chicha, yale makapi ya nazi yanayobaki, wanakula kuku watatu wa mama mkwe uani, na kwa wiki walitupa mayai manne, mara nyingine matano. Vifuu nilivianika juu ya dari. Vya wiki nzima vilinipikia chai siku mbili bila kununua makaa.

Chakula kilichotubeba msimu ule ni mseto, mchele na pojo vilivyopikwa pamoja. Wengi wanaupika mgonjwa au mtoto anapoacha ziwa, wakausahau. Lakini ukiutazama vizuri, ndicho chakula cha mtu mwenye moto mmoja na sufuria moja. Na kwa mseto huhitaji mchele mzuri. Nilinunua chenga, ule mchele uliovunjika ambao watu hawautaki kwa wali kwa sababu unagandana. Kilo ilikuwa shilingi 110 hivi, nami natumia robo tatu. Pojo robo kilo, shilingi 40.

Pojo nalowesha usiku. Asubuhi namwaga yale maji, nachemsha kwa lile tui la mwisho na manjano kidogo mpaka zipasuke. Hapo natia chenga zilizooshwa, tui la kati, kitunguu kilichokatwa, punje tatu za thomu, kitunguu saumu, zilizopondwa. Chumvi naitia sasa, si mwanzo. Chenga hunywa maji machache kuliko mchele mzima, kwa hiyo usimimine kwa mazoea. Tia kidogo, koroga, tazama. Chungu kikianza kuvuta naepua nafunga kikapuni. Nikifungua saa saba, mvuke unatoka na harufu ya nazi, na mwiko unasimama wenyewe katikati.

Jambo moja nililijifunza kwa hasara: tui huchacha haraka, na joto la Lamu halina huruma. Siku mbili tulimwaga chakula cha usiku, nami nililia, kwa sababu nilikuwa najua kila shilingi iliyokuwa ndani ya sufuria ile. Baada ya hapo nilikuwa nalitenga fungu la usiku kabla ya kutia tui zito, nalifunga moto moto. La mchana ndilo nililolimwagia kasimile nusu juu, na nusu iliyobaki naichemsha kidogo na chumvi, naiweka penye baridi, jioni naichanganya wakati wa kupasha kwa vifuu viwili vitatu. Hatukumwaga tena.

Ile konzi ya nazi ni ya chatini. Naiponda kinuni na pilipili mbichi moja, chumvi na ndimu nusu. Kijiko kimoja pembeni ya sahani kinaamsha mseto wote. Watoto wakifika kutoka madrasa walikuwa wanaulizia chatini kabla hawajavua viatu.

Ukijumlisha siku ya mseto, chenga 80, pojo 40, nazi 30, makaa 60, muhogo 30, mboga na kitunguu na pilipili 30, majani ya chai na sukari 30. Mia tatu kamili. Masika yakiwa hayajaisha, mchicha uliota wenyewe nyuma ya kuta na shambani kwa watu, tukichuma kwa ruhusa, basi hata zile za mboga zikabaki.

Si kwamba tulikula mseto kila siku, maana mtu hachoki na njaa tu, anachoka na ladha pia. Jumatatu na Alhamisi ilikuwa muhogo wa nazi. Unavuka kutoka bara, sehemu za Hindi na Mpeketoni; naumenya, nautoa ule uzi wa katikati, nauchemsha, maji ya kwanza namwaga, kisha natia tui na pilipili. Jumatano mbaazi.

Mbaazi zilinipa taabu kubwa. Muuzaji mmoja alinipa kilo mbili kwa bei ya kilo moja na nusu, nikafurahi. Nililowesha usiku kucha, nikachemsha saa tatu, nikamaliza makaa ya siku mbili, mbaazi hazikuiva. Zilikuwa kuukuu, zimelala ghalani muda usiojulikana. Mama mkwe akaniuliza na maji niliyotumia. Nilikuwa nimechota ya kisima cha nyumbani, ambayo ni ya chumvi, tunaogea na kufulia. Maji magumu kama hayo hayalainishi mbaazi. Tangu siku ile nalowesha na kuchemsha kwa maji ya bomba yanayotoka visima vya Shela, au ya mvua tukipewa na jirani mwenye birika la kuhifadhia maji. Ukwaju, nyanya na ndimu navitia mbaazi zikishaiva, si kabla, kwa sababu uchachu nao unazikaza ngozi. Na kabla ya kununua natafuna punje moja palepale sokoni. Mpya inapasuka safi. Kuukuu inakataa jino.

Samaki hatukuwaacha kabisa, tuliwapunguza ukubwa. Papa wa ng'onda, yaani mkavu wa chumvi, kipande cha kiganja, nakilowesha kitoe chumvi, nakichambua nyuzi nyuzi, nakitia ndani ya mbaazi. Watu sita wanapata harufu yake kila tonge. Siku ya Ijumaa mume wangu alipita kwa wavuvi wa ndani ya mkondo, wale wa nyavu ndogo, akapewa vichwa kwa bei ndogo. Kichwa cha samaki kina mafuta na kina nyama ya shavu. Mchuzi wake wa ukwaju nimeupenda kuliko wa minofu. Idi ya kuchinja ilipofika mwezi wa saba tulipata nyama ya majirani, nikaikata vipande vidogo vidogo, nikaikausha kwa chumvi na ndimu, tukaila siku tano badala ya moja.

Lililoniuma zaidi si njaa, maana hatukulala na njaa. Ni hodi. Kwetu mtu akipiga hodi saa ya kula huulizwi kama unacho. Unasema karibu, na karibu lazima iwe na sahani. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nasikia mlango moyo unanidunda, na hilo sikulizoea, sitaki kulizoea. Chungu cha mseto kiliniondolea hofu hiyo. Alikuja shangazi ya mume wangu kutoka Matondoni, bila habari, saa saba na robo. Nilimpakulia, nikamwekea chatini. Alikula, akaomba ukoko, nikamkwangulia chini ya sufuria. Akanieleza namna bibi yake alivyokuwa anatia mseto kipande cha tangawizi. Kesho yake nilitia tangawizi.

Chombo kilirudi baharini katikati ya mwezi wa tisa. Safari ya kwanza mume wangu alileta tafi sita, mmoja kwa kila mtu, nikawapaka ukwaju na pilipili nikawaoka juu ya kaa. Usiku nilifungua daftari la mtoto nikaandika tarehe, kisha nikalowesha pojo za kesho.